Kutoka ambulensi hadi kuandika dawa: maswali ya maparamediki wanaotaka kuwa PA Marekani

Nilifanya kazi kwenye ambulensi miaka minane kabla ya kurudi darasani, na sasa ni PA (physician assistant) katika idara ya dharura. Tangu nihitimu, simu haziishi. Wanaopiga ni ndugu zetu walioko Minnesota, Texas na Ohio: Wakenya, Watanzania, Wakongomani, Warundi. Wengi walianza kwa kuhudumia wazee kwenye nyumba za kulelea, wakapanda kuwa EMT (mhudumu wa ambulensi wa ngazi ya msingi), wengine wakafika uparamediki, na sasa wanauliza hatua inayofuata ni ipi. Nimeyaweka maswali yao hapa pamoja na majibu ninayowapa.

PA ni daktari?

Hapana. PA ni tabibu mwenye leseni. Anapima mgonjwa, anatambua ugonjwa, anaagiza vipimo, anashona majeraha, anaandika dawa na anasaidia kwenye upasuaji, akiwa katika timu moja na daktari. Uhuru wake unategemea sheria za jimbo na taratibu za hospitali. Kuandika dawa kunaruhusiwa katika majimbo yote 50. Indiana ndilo lililokuwa la mwisho kuruhusu, mwaka 2007.

Kwa aliyekulia Afrika Mashariki, mfano wa karibu ni afisa wa kliniki wa Kenya au ofisa tabibu wa Tanzania, yule ambaye wagonjwa wa kituo cha afya humwita daktari kwa sababu ndiye anayewatibu. Tofauti ni kwamba huku lazima uwe na shahada ya uzamili.

Kuhusu jina: herufi hizo zilimaanisha "physician assistant", yaani "msaidizi wa daktari". Mwaka 2021 chama cha kitaifa cha PA, AAPA, kilipiga kura kuliondoa neno "msaidizi" (assistant) na kuweka "mshirika" (associate), na mwaka 2024 Oregon likawa jimbo la kwanza kuliingiza jina jipya katika sheria zake. Majimbo mengi bado yanatumia la zamani.

Kwa nini inasemekana kazi hii inawafaa maparamediki?

Kwa sababu ilianzishwa kwa ajili ya watu kama sisi. Mwaka 1965 Dkt. Eugene Stead wa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, alikuwa akikabiliwa na uhaba wa madaktari. Wakati huohuo aliwaona wahudumu wa tiba waliotoka jeshi la wanamaji: watu waliokwisha kutibu wagonjwa na majeruhi, lakini wakirudi uraiani hakuna kazi iliyoutambua ujuzi wao. Akawachukua wanne, na watatu wakahitimu Oktoba 1967. Mwaka 1969 Dkt. Richard Smith akaanzisha MEDEX katika Chuo Kikuu cha Washington, naye akianza na wahudumu waliotoka jeshini, akiwapeleka kufunzwa kwa madaktari wa vijijini.

Kuna habari nyingine ya mwaka huohuo wa 1967 ambayo huwasimulia vijana wetu kila nikipata nafasi. Huko Pittsburgh, huduma ya ambulensi ya Freedom House ilianza kwa kuwafunza wakazi Weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao wakiwa hawana ajira, chini ya uongozi wa kitaalamu wa Dkt. Peter Safar. Hao ni miongoni mwa maparamediki wa kwanza kabisa nchini humu. Huduma ile ilifungwa mwaka 1975, jiji lilipoanzisha ambulensi zake. Kijana wa Kiafrika anayevaa sare ya paramediki leo hajaingia kwenye nyumba ya watu. Watu wanaofanana naye ni miongoni mwa walioijenga.

Nina cheti cha paramediki tu, sina digrii. Nianzie wapi?

Hili ndilo swali linaloongoza, na ndilo linalowapotezea watu miaka, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Kozi ya paramediki ni nzito, kwa kawaida saa 1,200 hadi 1,800, na aliyeimaliza anajua alichopitia. Lakini mlango wa chuo cha PA haufunguliwi na saa hizo peke yake. Tangu 2021 mafunzo ya PA yote yako ngazi ya uzamili, na karibu vyuo vyote vinataka uwe na digrii ya kwanza unapoingia.

Anza na chuo cha jamii kilicho karibu nawe, kile cha miaka miwili. Uliza wanakupa krediti ngapi kwa leseni yako ya paramediki. Vyuo vingi hutoa kiasi kikubwa, ukaongeza Kiingereza, hisabati na masomo mengine ya jumla ukapata digrii ya miaka miwili. Kutoka hapo unahamia chuo kikuu kukamilisha minne. Digrii yenyewe iwe ya nini? Haina uzito unaodhaniwa. Nimesoma darasa moja na mtu wa historia na mtu wa biashara. Kinachoangaliwa ni masomo ya sayansi yanayotangulia: anatomia na fiziolojia pamoja na maabara, mikrobiolojia, kemia, mara nyingi kemia ogania au biokemia, takwimu na saikolojia.

Hapa kuna mitego mitatu. Wa kwanza: anatomia uliyofundishwa ndani ya kozi ya paramediki kwa kawaida haihesabiwi kama somo la anatomia, hata kama ulipata alama zote. Wa pili: vyuo vingine havipokei masomo ya sayansi yaliyopita miaka mitano, vingine kumi. Wa tatu ni ule ulioninasa mimi. Nilisoma muhula mzima wa kemia, nikafaulu vizuri, kumbe lilikuwa somo la wasiosomea sayansi, na chuo nilichokitamani hakikulitambua. Nikarudia kila kitu, baada ya zamu za usiku, na fedha yangu ikaenda mara mbili.

Kwa hiyo kabla hujajiandikisha somo lolote, chagua vyuo vinane au kumi ambavyo kweli utaviomba. Chukua daftari, andika kila kimoja kinataka nini, na usome yale yanayojirudia. Anayefanya kazi muda wote na kuanza bila digrii ajipe miaka minne hadi sita kabla ya kutuma maombi. Najua inaumiza kuisikia, ila ni afadhali uisikie leo.

Saa zangu za ambulensi zinahesabiwa?

Zinahesabiwa, na hii ndiyo karata yako bora. Vyuo vingi vinataka saa 1,000 au 2,000 za kugusa wagonjwa, vingine pungufu. Mwaka mmoja wa kazi ya saa 40 kwa wiki ni saa 2,080, kwa hiyo paramediki wa miaka mitatu anafika na saa ambazo wenzake wanaotoka moja kwa moja chuo kikuu wanazitafuta kwa tochi.

Tunza kumbukumbu zako mwenyewe. Kampuni za ambulensi huuzwa na kuunganishwa, wasimamizi huhama, na siku ukihitaji mtu wa kuthibitisha saa zako unaweza usimpate. Hifadhi hati za malipo na barua za ajira.

GPA yangu (wastani wa alama, ambao juu kabisa ni 4.0) ni 2.8. Nimekwisha?

Hujakwisha, lakini usijidanganye kwamba saa nyingi za ambulensi zitalifunika hilo. Vyuo vingi vinaweka 3.0 kuwa kiwango cha chini, na wanaopata nafasi mara nyingi wako 3.5 na kuendelea. Pia hujui ni nani mwingine anayeomba: wapo maparamediki wenzako wenye saa kama zako na alama za juu.

Dawa yake ni kusoma sayansi upya na kupata A mfululizo. Kamati huona mwelekeo. Mtu aliyefeli biolojia akiwa na miaka 19, akifanya kazi mbili ili atume fedha nyumbani, kisha akapata A tano akiwa na 29, ana jambo la kueleza na ushahidi wa kulithibitisha. Fahamu tu kwamba CASPA, mfumo wa pamoja wa maombi, huhesabu majaribio yote, hata alama ya zamani uliyoirudia.

Nyumbani nilikuwa afisa wa kliniki. Si ninaweza kufanya mtihani tu nikapata leseni ya PA?

Ndugu yangu, hapana. Naandika jibu hili kwa uzito moyoni, kwa sababu nawajua watu wanne waliofika hapa na ujuzi ambao ningeukabidhi mwili wangu, na sasa wanasukuma viti vya magurudumu.

Mtihani wa kitaifa wa PA unaitwa PANCE, na kila jimbo linautaka. Anayeruhusiwa kuufanya ni aliyehitimu chuo kilichoidhinishwa na ARC-PA, chombo kinachoidhinisha mafunzo ya PA, na vyuo hivyo viko Marekani. Diploma ya miaka mitatu kutoka Kenya au Tanzania haiufungui mlango huo, hata kama nyumbani ulikuwa ukizalisha, ukishona na kusimamia kituo kizima peke yako. Hata daktari kamili aliyesoma nje hawezi kuufanya kwa digrii yake.

Jilinde na anayekuambia ana njia ya mkato na anataka malipo kwanza.

Kinachowezekana ni hiki. Peleka nakala za matokeo yako zitathminiwe na wakala kama WES ujue ni krediti ngapi zinakubalika huku. Baadhi ya vyuo vikuu vitakupunguzia safari ya digrii ya kwanza. Masomo ya sayansi, tarajia kuyarudia katika chuo cha Marekani, kwa sababu vyuo vingi vya PA vinasisitiza hivyo. Wakati huohuo chukua kozi ya EMT. Ni fupi, ya miezi michache, na inakupa saa za wagonjwa, mshahara na watu wa kukuandikia barua. Katika insha yako ieleze kazi ya kliniki kama ulivyoifanya, kwa mifano, bila kuomba radhi kwamba ulikotoka vifaa vilikuwa haba. Kamati zinathamini mtu aliyewahi kuamua bila eksirei wala daktari wa kumwuliza.

Muuguzi aliyesajiliwa nyumbani ana hali tofauti kabisa. Yeye anaweza kuidhinishiwa vyeti vyake na kufanya mtihani wa leseni ya uuguzi, NCLEX. Kama wewe ni muuguzi, usipoteze siku moja na uPA. Soma jibu linalofuata.

PA au NP, nichague lipi?

NP ni muuguzi mwenye shahada ya juu anayetibu na kuandika dawa. Kazi hiyo nayo ilianza 1965, Chuo Kikuu cha Colorado, chini ya muuguzi Loretta Ford na Dkt. Henry Silver. Katika zaidi ya nusu ya majimbo NP anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa na daktari, na hilo si dogo kwa anayeota kufungua kliniki yake.

Tofauti kubwa kwa paramediki ni ngazi. Njia ya NP inakupitisha kwanza kwenye uuguzi: zipo programu za kumgeuza paramediki kuwa muuguzi, kisha digrii ya uuguzi, kisha uzamili. Ni ndefu kwa hatua, lakini kila hatua inakupa leseni na mshahara mzuri, na unaweza kupumzika katikati. Njia ya PA ni kuruka mara moja: unaacha kazi, unasoma miaka miwili na ushee, unatoka ukiwa umefika au umeanguka na deni.

Mwenye watoto wadogo na mshahara mmoja nyumbani, mara nyingi namshauri uuguzi. Asiyebanwa na majukumu, na anayependa kubadilisha fani kutoka dharura kwenda upasuaji kwenda ngozi bila kurudi shule, uPA unampa nafasi hiyo.

Naweza kuendelea na zamu za ambulensi nikiwa chuoni?

Usijaribu. Vyuo vingi vinakataza au vinaonya vikali. Wiki moja ya mwaka wa kwanza inabeba kiasi cha masomo ambacho chuo kikuu kingekipa mwezi.

Inagharimu kiasi gani, na fedha zitatoka wapi?

Ada ya dola 80,000 hadi 120,000 kwa masomo yote ni jambo la kawaida, na hapo hujala wala kulipa kodi ya nyumba kwa miezi 27. Vyuo vya umma vya jimbo lako vinaweza kuwa nafuu sana.

Mikopo ya serikali ya shirikisho imebadilika, na wengi hawana habari. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliufunga mkopo wa Grad PLUS, wa wanafunzi wa uzamili, kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Mwanafunzi wa uzamili wa kawaida amewekewa kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na dola 100,000 kwa jumla. Kwa hiyo pengo litabaki, na mkopo wa benki una riba inayouma. Uliza chuo chenyewe kinawaweka PA katika kundi gani la mikopo kabla hujakubali nafasi.

Wakimbizi na waliopewa hifadhi wanaweza kuomba mkopo wa shirikisho kama wenye kadi ya kijani. Nimekutana na Wakongomani waliodhani lazima wasubiri uraia. Aliyetumikia jeshi aangalie haki zake za masomo. Baada ya kuhitimu, mpango wa serikali uitwao National Health Service Corps husaidia kulipa deni la PA anayekubali kufanya kazi kwenye maeneo yenye uhaba wa watoa huduma.

Jambo jingine tunalolinong'ona tu: fedha za nyumbani. Kaa na familia mapema uwaambie kwamba kwa miaka miwili na nusu hutatuma kama ulivyozoea. Mimi nililiahirisha hilo, na katikati ya mitihani nikawa napokea simu za karo za wadogo zangu. Harambee ya kukusindikiza shule ni heshima. Iombwe kabla, na kiasi kijulikane.

Niandike nini kwenye insha?

Usiandike ajali ya kutisha zaidi uliyoiona. Kila paramediki anaandika hiyo. Andika mgonjwa uliyemshusha hospitalini ukabaki unajiuliza kilichofuata. Hapo ndipo sababu yako ya kutaka kuwa PA ilipo. Tafuta pia PA wa kumfuata kazini siku kadhaa, na akuandikie barua. Maombi ya CASPA hufunguliwa majira ya kuchipua, na vyuo vingi hugawa nafasi kadiri maombi yanavyofika, kwa hiyo anayetuma mapema ana faida.

Kitu gani kilikuwa kigumu zaidi kwako?

Sikutarajia kingekuwa hiki. Dripu, moyo uliosimama, kusoma ECG (kipimo cha umeme wa moyo), kuongea na familia inayolia: haya nilikuja nayo, na darasani nilikuwa mbele. Kilichonishinda kilikuwa ni mgonjwa asiye na haraka.

Katika mafunzo ya vitendo, nikiwa kwenye mzunguko wa tiba ya familia, alikuja mama mmoja wa miaka 60 na kitu, presha 168 kwa 94, sukari haijatulia, miguu inamchoma usiku. Nilimwuliza kila swali la dharura: kifua, pumzi, udhaifu wa upande mmoja. Hana. Nikatoka nikamwambia mwalimu wangu kwamba mama yuko salama. Akaniuliza, "Leo yuko salama. Na miezi sita ijayo?" Nikakosa la kusema. Kwa miaka minane nilikuwa nikimjua mgonjwa kwa dakika 40, kutoka mlangoni kwake hadi mlango wa hospitali, nikimkabidhi ikiwa mwisho wa habari. Sasa nilitakiwa kujua dawa ipi aanze nayo, figo zake zinasemaje, atamudu bei, nani anampikia, na nimwone tena lini.

Paramediki ana itifaki. Ni nzuri, inaokoa watu, na imepimwa. Lakini itifaki inakuambia ufanye nini ukishajua hali ni ipi. PA anaanza kabla ya hapo, na orodha ya magonjwa kumi yanayofanana, na hakuna karatasi ya kumwambia lipi ndilo. Ilinichukua karibu mwaka kuacha kurukia jibu la kwanza. Ukitaka kujiandaa ungali kazini, fanya hivi: kila mgonjwa unayemfikisha, rudi baadaye uulize aligunduliwa na nini, kadiri taratibu za hospitali zinavyoruhusu. Andika ulichodhani na kilichokuwa. Daftari hilo litakufundisha kuliko kozi nyingi.

Mafunzo na mtihani vikoje?

Karibu mwaka mmoja darasani, kisha karibu mwaka wa mizunguko: tiba ya familia, tiba ya watu wazima, dharura, upasuaji, watoto, afya ya wanawake, afya ya akili. PANCE ina maswali 300 kwa muda wa saa tano. Ukishafaulu unatunza cheti kwa saa 100 za masomo endelevu kila miaka miwili, na tathmini mpya kila miaka kumi.

Mshahara unapanda kweli?

Unapanda. Takwimu za Idara ya Kazi za Mei 2024 ziliweka mshahara wa kati wa paramediki kuwa karibu dola 58,000 kwa mwaka, na wa PA karibu dola 133,000. Toa deni kwenye hesabu yako kabla hujashangilia.

Naweza kurudi nyumbani nikafanya kazi kama PA?

Kwa jina hilo, hapana. Kenya ina Baraza la Maafisa wa Kliniki na sheria yake ya 2017, Tanzania ina taratibu zake, na kila nchi itataka kukutathmini upya. Wasiliana na baraza husika kabla hujanunua tiketi.

Nina miaka 41. Si nimechelewa?

Darasani kwetu aliyekuwa mkubwa kuliko wote alikuwa na 47, na ndiye tuliyemkimbilia kabla ya kila mtihani wa vitendo.

Nikiamua kubaki paramediki, nitaonekana nimeshindwa?

Na nani? Wapo wanaohamia ambulensi za helikopta, wapo wanaofundisha, na wapo wanaoingia kwenye uparamediki wa jamii, wa kumtembelea mgonjwa nyumbani kabla hajafika hatua ya kupiga 911. Mwenzangu wa miaka yote minane yuko bado kwenye gari lilelile. Wiki iliyopita aliniletea mzee mwenye maumivu ya mgongo, na ECG aliyoipiga njiani ikionyesha moyo ndio wenye shida. Nilipomfikia mzee yule, chumba cha kuzibua mishipa ya moyo kilikuwa kimekwisha kuandaliwa, kwa sababu mwenzangu alipiga simu akiwa bado barabarani.